Kipanya cha Gololi Kwenye Vumbi la Liboi

Trakiboli hufanya kazi ya kipanya bila kuhama mahali. Chombo hutulia mezani, na kidole huzungusha gololi iliyozama nusu ndani ya tundu lake. Kihisi kilicho chini ya gololi husoma mzunguko huo, na kishale kwenye kioo hufuata. Aina zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ina gololi ya kipenyo cha milimita 34 hivi, iliyokaa ubavuni na kuzungushwa kwa kidole gumba. Ndivyo ilivyoundwa Logitech M570 ya mwaka 2010 na mrithi wake, Ergo M575 ya 2020. Ya pili ina gololi kubwa zaidi, kama ile ya milimita 55 ya Kensington Expert Mouse, iliyokaa katikati na kuzungushwa kwa vidole viwili au vitatu. Zisizo na waya hutuma habari kwa redio ya masafa ya gigahezi 2.4, ama kupitia kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, ama kwa Bluetooth.

Watumiaji wa Ulaya na Marekani wakiulizwa kwa nini waliacha kipanya cha kawaida, jibu la kwanza huwa maumivu: kifundo cha mkono kinachochoka, bega linalouma baada ya kutwa nzima ya kusukuma kipanya huku na huko. Watengenezaji nao huiuza trakiboli kama dawa ya maungo. Hayo yana ukweli wake, lakini ni maelezo ya mtu mwenye meza pana, umeme wa uhakika na duka la kompyuta mtaa wa pili. Liboi, chombo hupimwa kwa mambo mengine: vumbi, nafasi, betri, na kama fundi anaweza kukifungua. Kwa vipimo hivyo trakiboli hufaulu mahali ambapo wauzaji wake hawajawahi kufikiria kuisifia, na hutia mashaka katika jambo jingine wanalolisifia, yaani kukosa waya.

Liboi ni mji mdogo wa mpakani katika kaunti ya Garissa, eneo la Dadaab, karibu kabisa na ikweta. Mpaka wa Somalia uko umbali wa kilomita 15 hivi, na mji wa kwanza ng'ambo ni Dobley. Anayetoka Garissa husafiri kama kilomita 100 hadi Dadaab, kisha karibu 80 nyingine kwenye barabara ya mchanga ambayo mvua kubwa ikinyesha huikata. Mvua zenyewe ni haba, na joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35. Kiangazi cha Januari hadi Machi, wafugaji wa Kisomali wanachokiita jilaal, upepo huinua vumbi laini jekundu ambalo hupenya kwenye nyavu za madirisha, chini ya milango, ndani ya vifuko vya simu na katikati ya vitufe vya kibodi.

Mji huu umezoea kazi ya kuandikisha watu. Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka, wakimbizi wengi wa mwanzo walipokewa Liboi, kabla ya kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilizo kandokando ya Dadaab kuchukua mzigo huo. Shirika la UNHCR liliendelea kuwa na kituo cha mapokezi hapa hadi Januari 2007, Kenya ilipofunga mpaka na kituo kikafungwa. Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia kwa njia hii hii. Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba vituo vya mpakani, cha Liboi kikiwemo, vingefunguliwa kwa awamu. Julai ya mwaka huo ikaahirisha. Kila hatua ya namna hiyo huacha rundo la orodha, fomu na barua.

Orodha na fomu hizo sasa zimehamia kwenye kompyuta. Mwalimu mkuu huingiza majina ya wanafunzi kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Elimu. Anayetaka paspoti huanzia eCitizen, na aliyemaliza kidato cha nne huomba chuo na mkopo kwa mtandao. Kazi hizi hubofywa zaidi kuliko zinavyoandikwa. Ukurasa mmoja una visanduku kadhaa, orodha za kuteremsha, kalenda ya kuchagulia tarehe ambayo humlazimu mtu kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi 1987, na kitufe cha kutuma kilicho chini kabisa. Anayefanya hayo kutwa kwa niaba ya wengine, kama afanyavyo mhudumu wa saiba, hutegemea kipanya kuliko kibodi.

Gololi ilianzia mahali pagumu kuliko ofisi. Mwaka 1946 mhandisi Ralph Benjamin, akilitumikia Jeshi la Majini la Uingereza, alibuni gololi ya kuongozea alama kwenye kioo cha rada, na hataza yake ikaandikishwa mwaka uliofuata. Mwaka 1952 wahandisi waliofanya kazi Kanada, Tom Cranston, Fred Longstaff na Kenyon Taylor, walijenga ya kwao kwa ajili ya mfumo wa kijeshi ulioitwa DATAR, na gololi waliyoitumia ulikuwa mpira halisi wa mchezo wa bolingi, ule mdogo wa pini tano unaochezwa Kanada. Siri ya jeshi iliifunika kazi ile kwa miaka. Kipanya kilikuja baadaye: Douglas Engelbart na Bill English walikitengeneza Kalifonia katikati ya miaka ya 1960, na kikaonyeshwa hadharani tarehe 9 Desemba 1968. Mwaka huo huo kampuni ya Telefunken ya Ujerumani ilikuwa na kipanya chake kilichozaliwa kwa kuigeuza gololi ya mezani kichwa chini.

Jeshi la majini lilipenda gololi kwa sababu moja. Meli huyumba, na chombo kisichofungwa huteleza. Gololi hufungwa kwenye dawati na kiganja hupata pa kujishikiza. Ndiyo maana hadi leo hupatikana kwenye rada za meli na kwenye vyumba vya kuongozea ndege, sehemu ambazo hakuna anayeshindana kuhusu muundo wa kipanya.

Hupatikana pia mahali pengine ambapo mkazi wa Garissa anaweza kuwa ameiona bila kuitambua: kwenye mashine ya altrasaundi. Mashine nyingi za aina hiyo, zile za kusukumwa kwa magurudumu, zina gololi katikati ya dawati la vitufe. Mpimaji hushika kifaa cha kupimia kwa mkono wa kulia, akikipitisha juu ya tumbo la mama mjamzito, na mkono wa kushoto huzungusha gololi kuweka alama kwenye ncha mbili za kichwa cha mtoto, ili mashine ikokotoe umri wa mimba. Hawezi kutumia kipanya kwa sababu hana meza ya kukisogezea, na macho yake hayabanduki kwenye kioo. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya tiba, ukilenga angalau hospitali 2 katika kila kaunti, na mashine za altrasaundi zilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyoletwa. Mafundi wa mashine hizo wanayajua maradhi ya gololi kuliko muuzaji yeyote wa kompyuta. Jeli ya kupimia huchuruzika hadi kwenye tundu, huchanganyika na vumbi, hukauka, na gololi hugoma upande mmoja huku ikikubali upande mwingine. Mashine ya mamilioni ya shilingi inaweza kukwama kwa uchafu ambao ungetolewa kwa pamba na spiriti.

Faida ya kwanza ya gololi katika ofisi ya Liboi ni ile ile ya melini, ingawa hakuna kinachoyumba. Kipanya cha kisasa cha mwanga hupiga picha za uso wa meza maelfu ya mara kwa sekunde na kuzilinganisha ili kujua kimeelekea wapi. Kinahitaji uso wenye vijitundu na vijistari vya kusomeka, na usiobadilika. Kioo mara nyingi hukishinda. Mkeka uliosukwa hukiyumbisha. Kitambaa cha meza hujikunja chini yake. Meza iliyotanda mchanga mwembamba ni mbaya zaidi, kwa kuwa punje huviringika pamoja na kipanya na kukwaruza miguu yake ya plastiki, na baada ya muda kipanya huanza kukwamakwama. Trakiboli haijali imewekwa juu ya nini, maana uso inaousoma umo ndani yake. Hukaa juu ya paja, juu ya boksi la vitabu, juu ya mkono wa kiti cha plastiki, au sakafuni kando ya mtu aliyeketi kwenye mkeka na laptopu yake juu ya mto.

Nafasi nayo ni mali. Dawati la kuhudumia watu lenye kompyuta, printa, rejesta, vitambulisho vilivyopangwa foleni na birika la chai halina eneo la wazi la kuchezesha kipanya. Trakiboli ikishapata nafasi ya upana wa kiganja haidai zaidi. Ndani ya gari linalotikisika kwenye barabara ya Dadaab, ambako kipanya hakifai kabisa na kidole huruka ovyo kwenye padi ya laptopu, gololi bado inaongozeka kwa kiasi fulani, ingawa anayejaribu kujaza fomu katika barabara ile ana haraka kupita kiasi.

Vumbi hilo hilo linaloshindwa na trakiboli juu ya meza huilia ubavuni. Gololi lazima iwe wazi juu ili iguswe, na lazima iachiwe mwanya mwembamba pembeni ili izunguke. Kupitia mwanya huo kila mzunguko huburuta kitu ndani: vumbi, jasho la kidole, mafuta ya ngozi, chembe za mkate. Chini ya gololi kuna vijiwe vitatu vya kuiegemeza, vigumu na laini, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, na gololi nzima hubebwa na hivyo vitatu tu. Uchafu unaoingia hukusanywa hapo. Dalili zake hujitokeza kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza gololi huwa nzito kuanza, ikihitaji msukumo kisha kuruka mbali kuliko ilivyokusudiwa. Hilo huudhi zaidi kwenye kazi ndogondogo, kama kukilenga kisanduku cha tiki. Baadaye husikika mkwaruzo hafifu. Mwisho kishale huruka au hukataa upande mmoja, kwa kuwa vumbi limefunika lenzi ya kihisi.

Usafishaji wake ni rahisi kuliko unavyotisha. Trakiboli ya kidole gumba hugeuzwa, na kwenye tumbo lake huonekana tundu dogo la mviringo. Ncha butu ya kalamu ikisukumwa humo, gololi hutoka kwa mlio wa kuachia na kutua kiganjani. Ndani huonekana vile vijiwe vitatu, kila kimoja kimevaa kofia ya uchafu wa kijivu, kwa Liboi pengine wenye wekundu, ulioshikamana kama nta. Ukucha au njiti ya kiberiti huubandua kipande kizima. Lenzi hupanguswa kwa pamba kavu au pembe ya leso safi, haipulizwi kwa mdomo, kwa sababu mate hugandisha vumbi. Gololi yenyewe inaweza kuoshwa kwa maji na sabuni na kukaushwa. Kinachowashangaza wengi ni kwamba gololi iliyotoka kuoshwa huzunguka vibaya kuliko iliyokuwa chafu kidogo: inahitaji utando mwembamba wa mafuta ya ngozi ili iteleze juu ya vijiwe. Wazoefu huizungusha kwenye paji la uso au kando ya pua kabla ya kuirudisha, jambo ambalo huonekana kama mzaha kwa anayelitazama mara ya kwanza. Mafuta ya kupikia au ya cherehani hayafai kuwa mbadala, maana huvuta vumbi zaidi na kuchafua lenzi.

Mara ngapi? Kwenye ofisi ya madirisha ya vioo watumiaji wengi husafisha mara moja kwa wiki kadhaa. Chumba chenye dirisha la wavu wakati wa jilaal huhitaji kazi hiyo kila baada ya siku chache. Kitambaa kinachotupiwa juu ya chombo usiku hupunguza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa kuliko sifa yoyote iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa sababu ya vumbi hilo pia, zile trakiboli ambazo gololi yake hubebwa na viringisho vya chuma badala ya vijiwe tuli hazifai sana kwa nchi ya mchanga. Viringisho hufanya gololi iteleze kwa ulaini wa kupendeza siku za mwanzo, lakini punje moja ikiingia kwenye mhimili wake, kiringisho husimama na gololi huanza kukisugua. Simu za BlackBerry Pearl za mwaka 2006, zilizokuwa na gololi ndogo ya kuongozea, zilipata umaarufu kwa ugonjwa huo huo, na mafundi wengi wa simu walikula kwa kuzibadilisha.

Mkono nao una mashauri yake. Mtu aliyezoea kipanya anayeshika trakiboli kwa mara ya kwanza hufanya jambo moja bila kufikiri: hukisukuma chombo kizima. Kisha huzungusha gololi kupita kiasi, hukikosa kitufe, hurudi, hukikosa tena. Wengi huhitaji siku kadhaa hadi wiki mbili kabla ya kidole kujua chenyewe kiasi cha kuzungusha. Kinachosaidia ni kushusha kasi ya kishale kwenye mipangilio ya kompyuta mwanzoni, na kujifunza kuigawa safari: gololi husukumwa mara moja kwa nguvu na kuachwa iendelee kuzunguka, halafu husimamishwa na kuongozwa polepole kwenye hatua ya mwisho.

Kasi ya kipanya haifikiwi kirahisi. Mwaka 1991 watafiti Scott MacKenzie, Abigail Sellen na William Buxton walilinganisha kipanya, kalamu ya ubao wa kuchorea na trakiboli. Trakiboli ilikuwa ya mwisho, na udhaifu wake ulionekana zaidi kwenye kuburuta, yaani kushikilia kitufe huku kishale kikisogea. Sababu ni ya maungo tu: vidole vinavyozungusha gololi na kinachoshikilia kitufe vinatoka kwenye mkono ule ule, na kimoja kikikaza kingine hutetereka. Kwa anayepanga picha au kuchora ramani hilo ni tatizo la kila dakika. Kwa anayejaza fomu ni dogo, kwa kuwa fomu hazina cha kuburuta ila mshale wa pembeni mwa ukurasa, na huo una gurudumu lake.

Aina ya kidole gumba ni nyepesi kujifunza, lakini huhamishia kidole hicho kazi yote ambayo zamani ilifanywa na mkono mzima. Kidole gumba cha mtu wa leo hakina likizo. Saa anazoiacha kompyuta kinaandika kwenye simu. Mwenye maumivu ya kano za upande wa kidole gumba, au yabisi kwenye shina lake, atafanya vyema kuchukua aina ya gololi ya katikati. Aina hiyo pia kwa kawaida ndiyo inayomfaa mtu wa mkono wa kushoto, kwa kuwa Kensington Expert Mouse na ndugu yake mdogo, Orbit, zina umbo linalolingana pande zote, ilhali M575 imefinyangwa kwa mkono wa kulia. Mtu ambaye mikono yake hutetemeka, au asiyeweza kuinua bega baada ya kiharusi au jeraha, mara nyingi huimudu gololi kubwa kuliko kipanya chochote. Huweza kuisogeza kwa kiganja, kwa kisigino cha mkono, hata kwa mguu.

Kompyuta inayotumiwa na watu wengi ni habari nyingine. Mteja wa saiba aliyekuja kuangalia matokeo ya mtihani hana wiki mbili za kujifunza. Kumwekea trakiboli ni kumwekea mtihani wa pili. Halafu gololi ni kitu cha kupendeza, hutoka kwa kusukumwa kidogo, na watoto wana kazi nayo. Wenye saiba za miaka ya 2000 wanakumbuka jinsi mipira ya vipanya vya zamani ilivyokuwa ikitoweka. Mahali pake ni kwenye meza ya mhudumu mwenyewe, mkono mmoja, siku zote.

Sasa waya. Maneno “isiyo na waya” huwachanganya baadhi ya wanunuzi, wakidhani chombo kinahitaji mtandao. Hakihitaji. Kaskazini mashariki mwa Kenya minara ya simu imeshambuliwa mara nyingi, na mji unaweza kukaa siku bila mawasiliano. Trakiboli haihisi chochote, maana redio yake huzungumza na kipokezi kilicho umbali usiozidi mita 10 basi. Kwa upande wa masafa, Liboi ina nafuu ambayo mtaa wa ofisi wa Nairobi hauna. Gigahezi 2.4 ni njia inayotumiwa pia na Wi-Fi, vipaza sauti vya Bluetooth na vitu vingine vingi, na penye majirani wachache hewa ni tulivu. Usumbufu unaobaki hutoka karibu sana. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba matundu na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa hayo hayo, hivi kwamba kipokezi kilichochomekwa ubavuni mwa diski ya nje kinaweza kupoteza mawasiliano. Kishale hukwama kila faili kubwa linaponakiliwa, na mtumiaji huilaumu betri. Dawa yake ni kukihamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu, au kukichomeka kwenye kipande kifupi cha waya wa kurefushia.

Betri ndiyo mada inayostahili hesabu ya makini zaidi. Logitech ilitangaza kuwa betri moja ya AA huendesha M570 hadi miezi 18, na M575 hadi miezi 24. Ahadi hizo ni za betri nzuri ya alkali. Dukani kwenye mji mdogo, AA zilizojaa rafu kwa ajili ya rimoti na saa za ukutani ni za bei ya chini, za zinki na kaboni, ambazo huishi muda mfupi na zina tabia ya kuvuja zikiisha. Joto huharakisha kuvuja huko. Maji yake hula springi na vibati vya kupitishia umeme, na chombo cha maelfu ya shilingi hufa kwa betri ya shilingi chache. Anayetumia betri za namna hiyo na aziondoe kila anapofunga shule au anaposafiri. Betri za kuchajiwa za nikeli hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na kwa kawaida hufanya kazi, ila kipimo cha betri kwenye kioo kitaonyesha upungufu hata zikiwa zimejaa. Penye sola ndogo ya nyumbani hizo ndizo za busara, kwani huchajiwa mchana jua likiwa bure.

Trakiboli zenye betri ya lithiamu ndani, kama Logitech MX Ergo ya 2017, hukaa hadi miezi minne kwa chaji moja. Zinaonekana kuondoa tatizo, lakini hulibadilisha tu. Lithiamu huzeeka haraka kwenye joto, hasa ikihifadhiwa ikiwa imejaa, na sanduku la bati lililogeuzwa ofisi, lililofungwa mwishoni mwa juma kwenye jua la Februari, ni mahali pabaya pa kuiacha. Ikichoka, kuibadilisha kunahitaji kukifungua chombo, wakati betri ya AA hubadilishwa na mtoto.

Liko pia suala la usalama, ambalo mji wa mpakani hauna haki ya kulidharau. Februari 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walitangaza udhaifu walioupa jina MouseJack: vipokezi vya vipanya na kibodi zisizo na waya vya kampuni kadhaa, Logitech ikiwemo, vilikubali amri za kibodi za uongo zilizotumwa na mtu aliye mbali, hadi kiasi cha mita 100. Logitech ilitoa marekebisho ya programu, lakini kipokezi cha zamani ambacho hakikuwahi kurekebishwa kinabaki wazi. Bluetooth na vipokezi vipya vya aina ya Logi Bolt, vilivyoanza 2021, vina ulinzi bora zaidi. Hata hivyo, kwa meza inayoshika majina, alama za vidole na namba za vitambulisho vya watu, waya wa mita moja na nusu unabaki kuwa jibu jepesi: hauna betri, hauna kipokezi cha kupotea mchangani, na hausikilizwi na mtu nje ya ukuta. Zipo trakiboli nzuri za waya, nyingi kwa bei ndogo kuliko zisizo na waya.

Bei ya trakiboli isiyo na waya ya kampuni inayojulikana hununua vipanya vitano vya kawaida au zaidi, na kwa kawaida huagizwa kutoka Nairobi, kisha husafiri na mabasi ya Garissa. Kwa hiyo uwezekano wa kuitengeneza una uzito katika kuichagua. Kinachokufa kwanza karibu kila mara ni swichi ya kitufe cha kushoto: ikichakaa, mbofyo mmoja huhesabiwa miwili, faili hufunguka bila kuombwa na kisanduku kilichotiwa tiki hujifuta. M570 ilijulikana sana kwa hilo. Swichi yenyewe ni kijisanduku cha plastiki chenye miguu mitatu iliyolehemiwa kwenye bodi, ya aina inayotumika katika vipanya vingi. Fundi wa simu wa Garissa au Dadaab mwenye chuma cha kulehemu, anayebadilisha matundu ya kuchajia kila siku, ana uwezo wa kuing'oa kutoka kwenye kipanya cha bei nafuu kilichotupwa na kuipandikiza, mradi ipimwe kimo kwanza. Parafujo nyingine hufichwa chini ya kibandiko au chini ya miguu ya mpira, na hapo ndipo vyombo vingi huvunjwa na wanaolazimisha kuvifungua.

Gololi ikipotea, si kila mpira wa kimo kile utafaa. Gololi za Logitech zina vitone vidogo vilivyotapakaa ambavyo kihisi huvifuata. Gololi ya rangi moja isiyo na alama, hata ikiwa na milimita 34 kamili, huzunguka vizuri na kishale hakisogei. Kampuni ya Perixx huuza gololi za akiba za kipimo hicho zenye alama zinazosomeka, na huingia kwenye M570 na M575. Kipokezi kikipotea mambo hutegemea toleo. M570 hutumia kipokezi cha Unifying, ambacho kinaweza kununuliwa peke yake na kuunganishwa upya kwa programu ya Logitech, na M575 ina Bluetooth, hivyo huunganishwa moja kwa moja na laptopu yoyote yenye Bluetooth. Trakiboli za bei nafuu zisizo na jina mara nyingi hufungamanishwa na kipokezi kimoja tangu kiwandani. Hicho kikianguka kwenye mchanga wa Liboi, gololi, vitufe na betri vyote vizima, hakuna cha kuunganisha tena.